Safari za meli ya kitalii kutoka Nairobi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimezaliwa na kulelewa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hadi nilipofikisha miaka hamsini maji makubwa niliyokuwa nimeyavuka ni yale ya kivuko cha Likoni. (Na boti za Uhuru Park, kama hizo zinahesabika.) Tangu 2013 nimepanda meli za kitalii mara tisa: Mediterania mara nne, Ghuba mara mbili, kisha Durban, Norwe na Karibi mara moja moja. Mimi si tajiri. Nilikuwa mhasibu, sasa nimestaafu, na huweka akiba kwa muda mrefu ndipo niende.

Kila nikirudi simu inalia: wa kanisani, wa chama, majirani wa South B, na watu nisiowajua waliopewa namba yangu na hao. Maswali ni yale yale, nimeamua kuyajibu kwa maandishi. Utaona nikirudia jambo moja: ukishapanda meli, huna kazi tena. Kazi yote na karibu hasara zote ziko kabla ya kukanyaga ngazi.

Naweza kupandia Mombasa?

Mara nyingi hapana. Meli za kitalii hufika Kilindini, hasa msimu wa kaskazi, lakini nyingi huwa zinapita tu. Abiria hushuka asubuhi, hupelekwa Tsavo Mashariki au Fort Jesus, jioni wanarudi melini na nanga inang'olewa. Sisi wa huku tunalazimika kupanda ndege kwanza.

Kwa mtu wa Nairobi njia za karibu ni Dubai na Durban, zote mbili kuanzia kama Novemba hadi Machi hivi. Ulaya msimu wake mkubwa ni Aprili hadi Oktoba, na huko utapandia Barcelona, Piraeus (bandari ya Athene) au Civitavecchia (bandari ya Roma). Anayeanza humwambia aanzie Durban, si kwa sababu ni pazuri kuliko kwingine, bali karatasi ni chache: tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Usisahau kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiende kuchomwa wiki ya safari. Ukishaipata, cheti ni cha maisha.

Viza ni ya meli au ya nchi?

Ya nchi. Kila nchi ambayo meli itatia nanga ina haki ya kukuuliza karatasi, hata kama huna mpango wa kushuka. Tikiti ya meli haikufungulii mpaka wa mtu.

Kwa Mediterania, viza moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, inakutosha Uhispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki. Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo nimeona mtu analia. Meli ikitoka eneo la Schengen, tuseme ikaenda Uturuki au Montenegro, kisha ikarudi Ugiriki, wewe umetoka na unaingia tena. Unahitaji viza ya kuingia mara nyingi. Mwaka 2018 tulisafiri wanawake sita. Mmoja wetu alipewa viza ya kuingia mara moja, na wakala aliyetuuzia safari hakuiangalia wala sisi hatukuiangalia. Njia yetu ilipitia Kuşadası, Uturuki. Pale kaunta ya Piraeus binti wa kampuni akaigeuza pasipoti, akaisoma, akaigeuza tena, akaenda kuita mkubwa wake. Mwenzetu hakupanda. Alibaki gatini na sanduku lake jekundu, na pesa hazikurudi hata senti. Tangu siku hiyo kila pasipoti ya kikundi nasoma mwenyewe, nikitafuta neno moja tu: idadi ya kuingia. Ikisema MULT, tunalala usingizi.

Mambo mengine ya Schengen kwa kifupi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, na mwisho ni siku 15 kabla, ila ukingoja hizo siku 15 umejitafutia presha. Mimi huanza miezi minne mapema kwa sababu nafasi za miadi hapa Nairobi hujaa. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Wanataka bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Peleka ratiba ya meli iliyochapishwa yenye kila bandari, pamoja na tikiti ya ndege ya kurudi. Na tafadhali, usikope pesa kwa shemeji uziweke benki wiki moja kabla ili taarifa ya benki ionekane nzuri. Hao watu wa ubalozi wameziona nyingi.

Norwe nilipandia Southampton, kwa hivyo nilihitaji viza mbili, ya Uingereza na ya Schengen. Karibi nilipandia Miami, kwa viza ya Marekani. Utasoma mahali kwamba kwenye safari za Karibi mtu anaweza kwenda na cheti cha kuzaliwa tu. Hilo linawahusu raia wa Marekani. Wewe na mimi ni pasipoti, na iwe na angalau miezi sita mbele baada ya kurudi.

Inagharimu pesa ngapi hasa?

Swali hili watu huuliza bei ya kabini, nami huwajibu kwa bei ya safari. Safari yangu ya mwisho niliweka hesabu kwenye daftari kama niko kazini: tiketi ya meli ilikuwa chini ya nusu ya kila nilichotumia. Ndege, viza, bima, hoteli ya usiku mmoja kabla, na bakshishi ndizo zilizokula kubwa.

Bakshishi hushtua wengi. Meli nyingi hukata zenyewe kila siku kwenye akaunti yako, mara nyingi kati ya dola 14 na 20 kwa kila mtu. Chukua dola 16, siku saba, watu wawili: dola 224, yaani karibu shilingi 29,000 kwa kiwango cha 129. Hilo si deni la kushtukia usiku wa mwisho, liweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Mengine yasiyo ndani ya bei ni soda, pombe, kahawa ya mashine, intaneti, picha wanazokupiga bila kuombwa, na matembezi ya bandarini.

Vifurushi vya vinywaji vinahitaji tahadhari: kampuni nyingi husema mtu mzima mmoja wa kabini akinunua, na mwenzake lazima anunue. Mume anakunywa, mke ni mlokole, wote wanalipa.

Nilipe kwa wakala au mwenyewe mtandaoni?

Njia zote mbili nimetumia. Wakala mzuri ni yule anayekupa namba ya uhifadhi ya kampuni ya meli yenyewe siku ile ile unapolipa amana. Iingize wewe kwenye tovuti ya kampuni uone jina lako. Kama anakuambia "namba itakuja baadaye, mama, usijali", jali. Malipo ya mwisho kwa kawaida hudaiwa siku 60 hadi 90 kabla ya kuondoka, na baada ya hapo ukighairi unapoteza sehemu kubwa au yote. Ndiyo maana nataka viza iwe mkononi kabla ya tarehe hiyo, si baada yake.

Naweza kutua asubuhi nikapanda meli mchana?

Unaweza. Mimi nilifanya hivyo mara moja, 2015. Ndege ilichelewa kwa saa nne kuondoka uwanja wa JKIA, tukakosa ya kuunganisha, tukalala sakafuni kwenye uwanja wa watu, na nilifika gatini dakika ishirini kabla ya kaunta kufungwa, bila sanduku. Sanduku lilinifikia siku ya nne. Siku tatu nilivaa dera moja, naifua usiku, naianika bafuni.

Fika siku moja kabla. Hoteli ya bei nafuu karibu na bandari ni rahisi kuliko kukimbiza meli hadi bandari inayofuata. Na kwenye begi la mkononi weka dawa zako, karatasi zako, na nguo za siku mbili.

Nichukue kabini gani?

Kama hujawahi kusafiri, chukua ya ndani isiyo na dirisha. Ni ya bei ya chini, giza lake ni zuri kwa usingizi, na wewe utakuwa nje muda wote. Ya ubaraza ni tamu sana Norwe, pale meli inapopita katikati ya milima Geiranger na maporomoko ya maji yako mbele yako na kikombe mkononi. Kwingine nimeona watu wamelipia ubaraza wakautumia kuanikia kaptura za kuogelea.

Kuliko aina ya kabini, angalia ilipo. Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walikuwa na maana yao, lakini kwa abiria mimi naichukua kama ilivyo: mbele na nyuma ya meli ndiko kunakoruka, katikati na chini kunatulia. Kisha fungua ramani ya sitaha uone kilicho juu yako. Safari yangu ya tatu nililala chini ya bufee. Saa kumi na moja alfajiri walianza kuburuta viti.

Ukisafiri peke yako, jua kwamba bei imepangwa kwa watu wawili kabini moja, na mpweke anaweza kulipishwa hadi mara mbili. Tafuta mwenzako mnayevumiliana.

Nitatapika?

Huenda. Si aibu, mabaharia hutapika. Meli kubwa zina mapezi pembeni ya kupunguza kuyumba, na siku nyingi za Mediterania majira ya joto hutajua kama unatembea. Lakini nimewahi kukutana na usiku ambapo maji ya bwawa la kuogelea yalikuwa yakirushwa nje kama mtu anamwaga beseni, na wahudumu wametundika mifuko ya karatasi kwenye vishikio vya ngazi.

Dawa ya kichefuchefu cha safari humezwa kabla, si baada ya kuanza. Zile za meclizine au dimenhydrinate hutumika sana, na huleta usingizi. Muulize mfamasia wako hapa Nairobi, hasa kama unameza dawa nyingine. Toka nje utazame mstari wa upeo wa bahari. Kula kidogo, usikae na tumbo tupu. Tangawizi na tufaha la kijani zinanisaidia mimi. Kusoma simu kitandani ndiyo njia ya haraka ya kuharibikiwa.

Chakula kikoje? Ugali upo?

Chakula ni kingi mpaka inakuwa tatizo. Ugali haupo. Kuna polenta, uji mzito wa unga wa mahindi, kwenye meli za Kiitaliano, na ukiiomba iwe nzito, ukaipata na samaki wa kuchoma, unaweza kufumba macho. Sukuma usiulize.

Msiba hasa ni chai. Wanakuletea maji ya moto, si yanayochemka, na kifuko pembeni, na maziwa baridi kwenye kijagi kama ya mwanasesere. Kwa siku mbili za kwanza nilinung'unika. Siku ya tatu nilimwomba mhudumu jagi la maziwa ya moto kutoka mashine ya kahawa, nikaweka vifuko vitatu vya majani yangu ya Kericho, tangawizi ya unga kutoka begini, nikafunika na sahani kwa dakika tano. Siku iliyofuata meza ya jirani, wazee wawili wa Kihindi, wakaja na vikombe vyao. Sasa hubeba pakiti mbili.

Kama unakula halali au una mzio, mwambie kampuni wakati wa kuhifadhi nafasi, kisha mrudie msimamizi wa mkahawa siku ya kwanza. Usiku mkahawa wenye meza ni ndani ya bei sawa na bufee, na watu wetu wengi hawajui, wanakula bufee wiki nzima.

Mikono ioshe kwa sabuni na maji kila unapoingia kula. Kile kimiminika cha kupaka mlangoni hakitoshi. Virusi vya norovirus, ambavyo ndivyo huangusha meli nzima kwa kuhara, havifi vizuri kwa spiriti.

M-Pesa inafanya kazi?

Hapana. Melini hakuna pesa taslimu pia, unapewa kadi ya meli inayofungua mlango wa kabini na kulipia kila kitu, na deni linaenda kwenye akaunti yako. Akaunti hiyo huifungua kwa kadi ya benki au kwa kuweka pesa taslimu kaunta.

Tumia pesa taslimu au kadi ya mkopo, usitumie kadi yako ya kawaida ya benki. Meli huzuia kiasi fulani kwenye kadi kila siku kama dhamana, na kwenye kadi ya kawaida hizo ni pesa zako halisi zimefungwa, wakati mwingine siku kadhaa baada ya wewe kushuka. Mimi nilishuka na salio zuri kwenye karatasi na mashine ya pesa ikanikatalia yuro ishirini. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay imenifaa kununua tiketi ya treni kwenye simu, lakini kwenye kaunta za meli nilizopanda walitaka plastiki ya kushika.

Na simu je?

Weka hali ya ndege kabla meli haijaondoka gatini. Si mzaha. Baharini simu hujishika yenyewe kwenye mtandao wa meli unaopitia setelaiti, na laini yako ya Nairobi italipishwa bei ambayo hutaamini. Washa Wi-Fi peke yake. Programu ya kampuni ya meli kwa kawaida inafungua bila malipo. WhatsApp inataka kifurushi. Nunua kifurushi mtandaoni kabla ya safari, huwa nafuu zaidi. Au fanya kama mimi, waambie watoto utapatikana ukifika bandarini, nawe upate wiki ya amani.

Tukifika bandarini tuende na matembezi ya meli au sisi wenyewe?

Inategemea umbali, na ratiba ya meli hukuficha umbali. Itaandika "Roma", lakini meli inatia nanga Civitavecchia, kilomita kama 80 kutoka mjini, kama mtu akwambie umefika Nairobi kisha akushushe Naivasha. "Florence" ni Livorno, karibu kilomita 90. Athene ni tofauti: ukishuka Piraeus, treni ya mjini inakufikisha Monastiraki kwa kama nusu saa. Barcelona nayo, La Rambla haiko mbali na bandari. Napoli vilevile mji uko mbele ya gati, na treni ya Circumvesuviana inakupeleka Pompeii kwa dakika 35 hivi.

Kanuni yangu: mji ukiwa karibu, najiendea, ukiwa mbali, nalipa matembezi ya meli, hata kama ni ghali. Basi la meli likichelewa, meli inalingoja. Ukichelewa na teksi yako, haingoji. Utaona watu wanakimbia gatini na wale wa juu wanawapigia makofi kutoka sitaha. Niliwahi kupiga makofi na mimi, Mungu anisamehe.

Wezi wa mifukoni Barcelona na Roma ni wa daraja la juu, ila mtu aliyekua akipita Muthurwa na River Road ana shahada tayari. Begi mbele, simu ndani. Huwezi amini anayeibiwa zaidi ni yule anayetuambia Nairobi ni hatari.

Santorini inahitaji maelezo yake. Meli hukaa katikati ya maji, unapelekwa na boti ndogo hadi bandari ya zamani chini ya jabali, na mji wa Fira uko juu kabisa. Kuna gari la waya, kuna punda, kuna ngazi 588. Nilipanda kwa gari la waya asubuhi vizuri. Kurudi, foleni ilikuwa imezunguka nyumba tatu, nikasema nitashuka kwa miguu, kushuka si kazi. Mawe yamesuguliwa na kwato mpaka yanang'aa, na juu yake kuna mavi ya punda mabichi. Raba zangu za soko la Toi hazikuwa na meno. Nilishuka nimeshika ukuta, punda wananipita wakinisukuma kwa mbavu, na niliyekuwa naye anacheka hadi anakaa chini. Jipe saa moja na nusu ya kurudi, na uvae viatu vya maana.

Saa ya mwisho ya kurudi ni ipi?

Ni ile iliyoandikwa mlangoni unapotoka, na mara nyingi ni nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kuondoka. Inahesabiwa kwa saa ya meli. Simu yako inaweza kubadilika yenyewe kufuata nchi, meli isibadilike. Italia na Ugiriki zimepishana kwa saa moja. Ugiriki majira ya joto iko sawa na Nairobi, Italia iko nyuma.

Halafu sisi tuna tatizo letu la nyumbani. Barcelona 2019, niliwaandikia wenzangu kwenye kikundi: "Turudi saa 10:30." Kwangu mimi ni saa kumi na nusu jioni, wote tunajua. Mpwa wangu, mtoto wa Kilimani, akasoma saa nne na nusu usiku. Saa kumi alasiri tukampata La Rambla anaagiza aiskrimu ya pili, hana habari. Siku hizi naandika 16:30 na chini yake jina la mtu atakayebaki.

Piga picha ukurasa wa ratiba wenye namba ya wakala wa bandari. Meli ikikuacha, huyo ndiye wa kumtafuta. Beba nakala ya pasipoti pia. Kwenye baadhi ya meli kaunta huzishikilia za abiria wanaohitaji viza mpaka mwisho wa safari.

Nivae nini, nibebe nini?

Usiku wa mavazi rasmi usikuogopeshe. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinapita, kanzu inapita, na utapigwa picha kuliko bibi harusi. Mchana ni nguo za kawaida. Shali ni lazima hata jangwani, viyoyozi vya meli havina huruma.

Pasi na birika la umeme havikubaliwi, vitachukuliwa mlangoni na utarudishiwa mwisho. Soketi mara nyingi ni za Kimarekani na za Ulaya, plagi yetu yenye meno matatu haiingii, beba adapta. Kuta za kabini ni za chuma: kulabu za sumaku, zile ndogo, zitakuanikia kofia, kanga na begi.

Siwezi kuogelea. Ni salama?

Nami siwezi. Zoezi la usalama la siku ya kwanza usilikwepe. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, watu 32 wakafa, na kati ya waliokuwemo kulikuwa na mamia waliopanda siku hiyo hiyo Civitavecchia na hawakuwa wamefanya zoezi lolote. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa: zoezi linafanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mlio wa dharura ni mifupi saba na mmoja mrefu. Kutoka kabini kwako tembea hadi kituo chako kwa miguu, kwa ngazi, mara moja ukiwa huna haraka. Miguu hukumbuka.

Nikiugua?

Kuna daktari na kliniki, na bei yake ni ya hospitali za kifahari. Bima ya nyumbani haifiki huko. Nunua bima ya safari inayosema waziwazi kwamba inalipia kuondolewa melini kwa dharura. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aseme ukweli kwenye fomu ya bima, la sivyo amenunua karatasi.

Mjamzito? Mtoto mchanga?

Meli nyingi hazimpokei aliyefikisha wiki 24 za mimba, wala mtoto chini ya miezi sita. Kwenye safari za kuvuka bahari kuu mtoto awe na mwaka mmoja.

Kijana wangu anaweza kupata kazi melini?

Swali hili linanijia kuliko yote, na si la abiria, lakini nitalijibu kwa sababu ya kijana mmoja wa Likoni niliyekutana naye kwenye meli ya Ghuba. Alikuwa akipanga viti sitahani. Alinisikia nikimwambia mwenzangu "hebu sogea", akageuka ghafla, "Shikamoo mama, mmetoka wapi?" Tuliongea dakika tatu tu, hawaruhusiwi kukaa na abiria. Aliniambia kabla ya kupata kazi ile alikuwa amelipa mtu wa kwanza laki moja na nusu, akapewa barua ya uongo.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama ambazo anaweza kuzibeba mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti, lakini viza hulipiwa na mwajiri. Mafunzo ya usalama baharini ni jambo tofauti, hayo yana karo ya chuo. Anayekwambia utume pesa "za nafasi", zima simu. Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na uliza Mamlaka ya Bahari ya Kenya kuhusu vyeti. Mimi sina kazi za kugawa.

Siku ya mwisho inakuwaje?

Masanduku yanawekwa nje ya mlango wa kabini usiku, kwa kawaida kabla ya saa tano, yakiwa na lebo ya rangi. Asubuhi unayakuta gatini. Ndege usihifadhi ya kabla ya saa sita mchana. Kagua deni lako kwenye programu usiku huo huo, foleni ya kaunta asubuhi ni ya Huduma Centre mwezi wa kwanza.

Na acha nje nguo za kesho. Rafiki yangu wa Donholm, mwanamke nadhifu ambaye hupanga sanduku kama duka la dawa, alipakia kila kitu na akalitoa nje saa tatu, akalala na kanga. Saa kumi na mbili asubuhi alinigongea mlango. Nilikuwa na dera moja la akiba, yeye ni mrefu kuniliko kwa kichwa kizima. Alishuka meli Civitavecchia na dera linaloishia magotini na ndara nyeupe za melini, akapita mbele ya polisi wa uhamiaji amenyoosha shingo. Zile ndara bado anazo, anavaa akienda kuanika nguo.